Nyumba ya Kitinda Mimba

Siku yangu ya kwanza kazini nilipiga pasi kanzu moja tangu asubuhi hadi adhana ya adhuhuri. Ilikuwa mtaa wa Al-Naseem, Riyadh, katika chumba cha kufulia kisicho na dirisha, na kando yangu palikuwa na lundo la kanzu nyingine lililonifika kiunoni. Kila nilipodhani nimemaliza niliona mkunjo karibu na ukosi, nikaanza upya. Madam aliingia, akaitazama ile kanzu moja iliyotundikwa, akalitazama lundo, akasema jambo. Maneno sikuyaelewa siku hiyo. Niliyaelewa miezi mingi baadaye, alipokuwa akiwasimulia wageni wake huku akicheka: alikuwa ameniuliza kama nimekuja Saudia kwa mkataba mzima au kwa kanzu moja.

Nina miaka thelathini na miwili na kazi hiyo nimeshastaafu. Najua kustaafu ni neno la watu wenye mvi na pensheni, nami sina kimoja wala kingine. Lakini wasichana wanaopita dukani kwangu hapa Voi kabla ya kusafiri huniita mzee wa Saudia, na huniuliza maswali kama anavyoulizwa mzee. Nimeona niandike, kwa sababu nikijibu kwa mdomo hukaa siku nzima nikiwaza kama nimejibu sawasawa. Hata haya niliyoandika nimeyafuta na kuyaanza upya mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri.

Kazi ya pasi sikufundishwa na mtu. Kwa wakala Nairobi tulifundishwa kutandika kitanda na kuitikia "hadhir, madam", yaani nimesikia, niko tayari. Mengine niliyapata kwenye simu, nikitazama wanaume wa Kipakistani wakipiga pasi kwenye video huku nimezima sauti. Kanzu ya Kisaudi haitaki joto peke yake, inataka nisha, yaani wanga unaopuliziwa kitambaa kisimame. Shimaghi, kile kitambaa chekundu cha kichwani, lazima kikunjwe katikati hadi kitoe ncha juu ya paji la uso. Ncha hiyo huitwa marzamu, na marzamu ikilala, bosi huonekana kama mtu aliyetoka kitandani. Mwisho nguo hufukizwa udi, chetezo chini, nguo juu, isiwe karibu wala mbali, maana cheche moja inatosha kuharibu kazi ya asubuhi. Hiyo cheche ndiyo iliyoninyima raha. Nilikuwa naiota.

Watu wakisikia Saudia husubiri niseme niliteswa. Wapo walioteswa, na wengine nawajua. Mimi sikupigwa wala sikunyimwa chakula. Nilijitesa mwenyewe, nikirudia mashati ambayo hakuna aliyeyalalamikia, hadi Madam wa Riyadh akachoka kuniambia inatosha, "Halas, Muna, halas." Muna ndilo jina alilonipa. Jina langu, Mghoi, lilimshinda.

Alipochoka kabisa alinihamishia kwa dada yake mkubwa Jeddah, mtaa wa Al-Safa, ambako binti wa nyumba alikuwa akijiandaa kuolewa na nguo zilikuwa hazihesabiki. Karatasi za ukafili, yaani udhamini wa mwajiri, zikabadilishwa, ikama, kile kibali cha kuishi, ikabadilishwa, nikasafiri kwa basi. Kituoni nilipokewa na dereva wa nyumba hiyo, Barasa, kijana wa Bungoma.

"Karibu Jeddah, sista," akasema, akichukua begi langu. "Huku pasi huhitaji. Unyevu unakunja nguo ukiwa bado umeishika."

Nilidhani ananitania. Alikuwa anasema kweli, na ile habari ilinifanya nikose usingizi wiki ya kwanza.

Madam wa Jeddah alikuwa mtu wa maneno machache. Mume wake, ambaye tulimwita Baba, ndiye aliyekuwa kafili wetu kwa karatasi, lakini mambo ya wafanyakazi yaliamuliwa na Madam, na Baba alitia saini. Jikoni alikuwapo mpishi, mwanamke wa umri wa mama yangu mdogo, mfupi, mwenye vidole vyembamba visivyotulia. Pasipoti yake ilikuwa ya Vietnam, na jina lililoandikwa humo lilimshinda kila mtu, kwa hiyo aliitwa Maryam. Mimi nilimwita Dada Maryam. Tuliongea Kiarabu cha jikoni, kile ambacho hakina wakati uliopita wala ujao, na yale ninayoyaandika hapa nimeyanyoosha kwa Kiswahili.

Tulifahamiana kwa sababu ya udi. Nilikuwa nafukiza abaya za Madam, naye akapita na sinia la vyombo, akasimama.

"Huu unatoka kwetu," akasema.

"Vietnam?"

"Kwetu," akarudia. "Mimi si Mvietnam. Mimi ni Mcham."

Sikuwahi kulisikia neno hilo. Nami nikikuta jambo nisilolijua siwezi kuliacha, hunikereketa kama mchanga kwenye kiatu. Siku zilizofuata nilimsumbua kwa maswali, na mapumzikoni nikasoma kwenye simu kila nilichokipata. Ninayoyasema hapa ni aliyoniambia yeye na niliyosoma. Nikikosea, Mcham yeyote anisahihishe.

Wacham walikuwa na ufalme wao, Champa, kwenye pwani ambayo leo ni katikati na kusini mwa Vietnam. Walikuwa watu wa bahari na wa biashara, na udi wa milima yao ulifika kwa Waarabu zamani sana, hata Waarabu wakauita sanfi, kwa jina walilolijua wao la nchi hiyo. Walijenga minara ya matofali mekundu juu ya vilima. Dada Maryam aliniambia matofali hayo yameshikana bila udongo unaoonekana katikati, na hakuna fundi wa leo mwenye uhakika yalishikanishwa na nini. Kisha Wavietnam wakashuka kutoka kaskazini, kidogo kidogo, kwa karne nyingi, na ufalme ukaliwa pembeni hadi ukaisha. Wengine walikimbilia Kambodia, na huko, wakati wa utawala uliochinja watu wake wenyewe, Wacham waliuawa kwa wingi kwa sababu ya dini na lugha yao. Waliobaki kwenye pwani ya zamani wamegawanyika. Wako wanaofuata miungu ya minara, na mara moja kwa mwaka hupanda kilimani kumvika mfalme wa jiwe nguo mpya. Wako wanaoitwa Bani, waliopokea Uislamu zamani na kuuishi kwa namna yao. Dada Maryam alitoka kwa Bani.

"Sisi na wale wa minara ni mume na mke," alisema. "Sisi ndio mke."

Mwezi wa Ramadhani, kwao, maimamu huhamia msikitini na kufunga kwa niaba ya ukoo wote, na wanawake huwapelekea chakula kwenye masinia. Kabla ya mwezi huo watu wote huenda makaburini, ambako kila mtu ana jiwe dogo kichwani na jingine miguuni. Huko Jeddah, Dada Maryam alifunga mwenyewe, siku zote, bila kulalamika. Alisema anafunga kwa niaba ya imamu wake, maana huenda mwaka huo amechoka. Alicheka peke yake kwa utani huo, kisha akaniambia nisiurudie mbele ya mtu.

Chumbani kwetu juu ya dari alikuwa na kazi yake nyingine. Alifunga uzi kwenye mpini wa zamani wa kudekia, upande wa pili akaufunga kiunoni mwake kwa mshipi, akaketi sakafuni akisukuma miguu na kuegemea nyuma ili uzi ukazike. Mwili wake ndio uliokuwa mtambo wa kufuma. Alifuma tepe nyembamba za rangi, almasi ndani ya almasi, na akikosea uzi mmoja aliendelea tu. Jambo hilo lilinitia wazimu. Nilimwonyesha kosa. Akasema analiona.

Zile tepe ndizo zilizomfanya anieleze habari ya kikapu.

Katika ukoo wake nyumba ni ya wanawake. Msichana ndiye anayeposa, mwanamume ndiye anayehama. Wavulana wakishaoa huondoka na nguo zao. Mabinti wakubwa hujengewa jirani, na binti wa mwisho, kitinda mimba, hubaki na nyumba ya mama, na pamoja na nyumba hupokea kikapu cha ukoo, kinachotundikwa juu chini ya paa. Ndani mna nguo za mababu na mabibi, zinazotolewa siku za sherehe. Mama hukikabidhi kwa binti mkono kwa mkono, akiwa hai. Akifa kabla hajakikabidhi, wazee hukipeleka kwenye tawi lingine la ukoo, na nyumba hiyo huhesabiwa imefungwa mlango hata kama watu bado wanalala ndani.

"Na kitinda mimba ni nani?" niliuliza, ingawa nilishajua.

"Mama alizaa wavulana watatu wakubwa, kisha mimi. Mimi ndiye binti wa kwanza na wa mwisho."

Nilishuka ngazi haraka. Nguo za wafu ndani ya kikapu: katika nchi ile, mfanyakazi wa ndani akitajwa pamoja na maneno ya namna hiyo, neno sihri, yaani uchawi, haliko mbali, na neno hilo likishatamkwa halirudi mdomoni. Nilirudi juu nikamwomba asikitaje kikapu tena. Akaniambia amekifanya siri miaka yote, kwa nini nadhani angekitaja leo.

Haikupita muda kaka yake mkubwa akampigia. Mama ameacha kula wali. Anakunywa maji tu, na anauliza kila asubuhi kama kitinda mimba amefika.

Dada Maryam alikwenda kwa Madam kuomba ruhusa ya kutoka nchini. Aliniomba nisimame naye, maana Kiarabu changu kilikuwa kimenyooka zaidi. Madam alisikiliza hadi mwisho.

"Ana kaka?" akaniuliza.

"Watatu, madam."

"Wako hapo hapo kijijini?"

"Wako."

"Basi mama hayuko peke yake. Baada ya harusi ataenda." Akageukia simu yake.

Gari liliposimama uani jioni ile nilimweleza Barasa, kwa sababu sikuweza kukaa na jambo lile kifuani. Kikapu sikukitaja. Nilimweleza nyumba tu.

"Ngoja kwanza," Barasa akasema. "Maboi watatu, na nyumba ni ya dem wa mwisho. Hao maboi wanaenda wapi?"

"Kwa wake zao."

"Na kuposa?"

"Anaposa msichana."

"Yaani msichana anakuja kwetu Bungoma, anakaa na wazee, ananiposa mimi?"

"Akikupenda."

Akafikiri. "Mghoi, hawa watu wako wapi hasa? Nataka kujua nauli." Kisha akaacha kucheka. "Lakini Madam hawezi kuelewa hiyo. Hata mimi sijaelewa. Mtu akiwa na kaka watatu, mzazi ako sawa. Ndio hivyo kila mahali."

Hapo ndipo nilipoona shida ilipo. Madam hakuwa na roho mbaya. Alikuwa amehesabu kaka, kama ambavyo Barasa angehesabu, na kama ambavyo hata mimi nilihesabu siku ya kwanza. Kwa Dada Maryam kaka watatu walikuwa sawa na wageni watatu wema.

Nilitunga maelezo. Niliyatunga nikipiga pasi, niliyasema mbele ya kanzu kama mbele ya hakimu, nikayabadilisha, nikatafuta neno bora la Kiarabu la kukabidhi. Dada Maryam aliniambia sentensi ya kwanza ilikuwa nzuri tangu asubuhi. Sikumwamini. Tulikubaliana jambo moja: nyumba tutaisema, kikapu hatutakisema.

Nafasi ilikuja alasiri moja, Madam alipokuwa na wageni wa kahawa. Nilipeleka tende. Mgeni mmoja alikuwa ameshika moja ya zile tepe, ambayo Madam aliitumia kufungia zawadi za harusi, akauliza imetoka wapi. Madam akasema ni ya mpishi, anayetaka kumkimbia kabla ya harusi wakati ana kaka watatu nyumbani. Nilifungua mdomo. Maelezo yote niliyoyatunga yakapotea, nikasema tu, "Kwao kaka hawana nyumba, madam. Nyumba ni ya binti wa mwisho."

Kisha mgeni mwenye tepe akasema, "Mwite."

Dada Maryam alikuja akifuta mikono. Wakamwuliza kama ni kweli. Akasema ni kweli.

"Na mume akileta ukorofi?" mmoja akauliza.

"Anachukua nguo zake, anarudi kwa mama yake."

Kicheko kilichotoka hapo kilifika uani. Mgeni mmoja akafuta machozi, akamwuliza kama kwao wanapokea wageni wa kudumu. Mwingine akasema, yalla, haya twendeni, tupakie mabegi. Dada Maryam alitabasamu kwa adabu na kurudi jikoni. Mimi niliondoka na sinia nikijilaumu: nilikuwa nimeifanya nyumba ya mama yake kuwa mzaha wa alasiri.

Wageni walipoondoka Madam aliingia chumba cha kufulia. Hakuwa na mazoea ya kuja huko. Akaketi kwenye kiti changu, mimi nikasimama na pasi mkononi.

"Nyumba haikimbii," akasema. "Ana haraka gani?"

"Lazima mama amkabidhi kwa mkono wake, akiwa hai. Akichelewa, nyumba inahamia kwa wengine."

"Hiyo ni sheria?"

"Ni desturi, madam. Ya zamani sana."

Alishika kanzu iliyokuwa ubaoni, akaikunja ukosi na kuukunjua, na mkunjo ule niliuona na nikashindwa kuutazama.

"Nikimpa ruhusa, atarudi?"

Dada Maryam alishaniambia kule chumbani kwetu. Mwenye kikapu halali nje ya nyumba ya kikapu. Akikipokea hatarudi. Nilijua. Na mimi ni mtu ambaye siwezi kusema nguo imenyooka kama haijanyooka.

"Sijui kumjibia, madam," nikasema. Sauti yangu ilikuwa mbaya.

"Basi jijibie wewe. Ingekuwa ni mama yako, ungerudi?"

"Ningerudi."

"Kwa nini?"

"Kwetu nyumba ni ya kaka zangu."

Pasi ilikuwa ikitoa mvuke, nami sikuthubutu kuizima.

"Nyumba ya mama yangu iko Makka," akasema hatimaye. "Nilizaliwa mle. Sasa ni ya ndugu zangu. Nikienda Makka nalala hotelini." Akainuka, akanyoosha abaya yake. "Likizo yako ilikuwa baada ya harusi, Muna?"

"Ndiyo, madam."

"Asiporudi, sitakuwa na mtu. Wewe utasubiri mpaka nipate mwingine. Umesikia?"

Nilikuwa nimehesabu siku za likizo hiyo kwa muda mrefu. Mama yangu mwenyewe hakuwa mgonjwa, lakini nilikuwa nimemkosa hadi nilisahau jinsi anavyokohoa. Ningeweza kusema, madam, mafi, yaani hapana, hilo silitaki. Hata sasa sijui kama nilisema ndiyo kwa wema au kwa kuwa nilizoea kusema ndiyo. Nilisema, "Nimesikia."

Baba alitia saini kesho yake.

Dada Maryam aliondoka na begi dogo na tepe zake zote, pamoja na zile ambazo Madam alizifungua kutoka kwenye zawadi akamrudishia bila maneno. Barasa alimpeleka uwanja wa ndege. Aliporudi aliniambia Dada Maryam hakulia, ila alimwuliza njia nzima kama ndege hupita juu ya bahari.

Siku nne, tano, sikusikia kitu. Nilipiga pasi vibaya. Kisha ukaja ujumbe wa sauti. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na jogoo na wanawake wengi wakiongea. Alisema alifika asubuhi. Mama hakuweza kuinuka, kwa hiyo kaka watatu walikishusha kikapu kutoka chini ya paa, wakamshika mama kwa mabega, na mama akakiweka mikononi mwake. Alisema ni chepesi kuliko alivyodhani. Kisha akataja jina langu, Mghoi, akalitamka sawasawa, na ujumbe ukaisha.

Nilipogeuka Madam alikuwa mlangoni.

"Amefika?"

"Amefika, madam."

"Mama yake?"

"Alimkuta."

"Alhamdulillahi." Akasimama kidogo, mkono kwenye fremu ya mlango. Hakuuliza lini atarudi. "Basi twende jikoni," akasema. "Unajua kupika wali, au pasi tu?"

Nilipika hadi harusi na baada ya harusi, na nikapiga pasi pia, na kwa kuwa siwezi kufanya mambo mawili kikamilifu, wali ulikuwa mbaya na nguo zilikuwa mbaya, na dunia haikuanguka. Likizo yangu nilipata mwaka uliofuata. Mkataba ulipokwisha nilikataa mwingine, nikarudi. Kaka zangu ni watu wema. Walinipa chumba cha nyuma nikae hadi nijipange, nami nikajipanga haraka, nikakodi chumba mjini chenye duka mbele, na hapo ndipo ninapopiga pasi sare za shule na mashati ya watu wa benki.

Wasichana huja. Wa mwisho alikuja wiki iliyopita, ana viza tayari, begi jipya. Alitaka kujua maneno ya Kiarabu, na kama kweli madam hunyang'anya simu. Nilimjibu yote. Kisha nikamwuliza pesa atakazotuma zitajenga wapi.

"Kwetu nyumbani," akasema. "Namjengea baba. Vyumba vinne."

"Na baada ya baba, vitakuwa vya nani?"

Alinitazama kama niliyemtukania mtu wake. Akakaa kwenye benchi, begi miguuni, akatoa simu akaiweka tena mfukoni. Nilimwachia nafasi. Nilimaliza shati nililokuwa nalo, na kulikuwa na mkunjo karibu na ukosi, nikalitundika hivyo hivyo, kwa sababu alikuwa ameanza kuongea.